Mwanao, Marafiki Zake na Wewe: Nani Anamsaidia Kijana Kuamua?

"Ni makundi tu yamemharibu." Kauli hii husikika kila mahali: kwenye vikao vya wazazi shuleni, kwenye vikoba, msibani, hata kwenye foleni ya kliniki. Binti aliyekuwa mtulivu ameanza kuchelewa kurudi nyumbani. Kijana wa kidato cha pili ananuka sigara. Mzazi anatafuta sababu, na ya kwanza anayoiona ni marafiki.

Kauli hiyo ina ukweli, ila si ukweli wote. Marafiki wana nguvu kubwa kwa kijana, na mzazi naye anayo yake. Nguvu hizi mbili hazifanyi kazi mahali pamoja wala wakati mmoja. Ukijua kila moja inafanya kazi wapi, utajua pia wewe mama au mlezi uweke bidii yako wapi, ili mwanao afanye maamuzi mazuri kuhusu mwili wake, afya yake na mahusiano yake.

Jambo hili si dogo. Utafiti wa kitaifa wa afya Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba kati ya wasichana 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 19, 22 walikuwa wameshawahi kupata ujauzito. Huenda wengi wao walikuwa na mzazi au mlezi nyumbani aliyewapenda na kuwaonya.

Kwa nini marafiki wana nguvu sana umri huu?

Mtoto anapobalehe, mwili wake hubadilika haraka, na ubongo nao hubadilika. Sehemu za ubongo zinazoitikia raha, sifa na msisimko huchangamka mapema. Sehemu ya mbele, ile inayopima madhara na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi mtu anapopita miaka 20. Ndiyo maana kijana anaweza kukueleza vizuri kabisa hatari za jambo fulani asubuhi, na jioni akalifanya.

Mwaka 2005 watafiti wawili wa Marekani, Margo Gardner na Laurence Steinberg, walichapisha utafiti kuhusu jambo hili. Waliwapa watu wa umri mbalimbali mchezo wa kuendesha gari kwenye kompyuta. Walipocheza peke yao, vijana wa miaka 13 hadi 16 hawakutofautiana sana na watu wazima katika kujihatarisha. Walipocheza huku wenzao wanawatazama, vijana hao walijihatarisha karibu mara mbili. Watu wazima hawakubadilika, wawe wanatazamwa au hapana.

Hapa kuna somo kwa mzazi. Kijana anayekosea mbele ya wenzake huenda hakusahau ulichomfundisha. Alikuwa na watazamaji, na kwa umri wake kuonekana mjinga mbele ya wenzake kunauma kuliko hatari yenyewe.

Tena, marafiki mara nyingi hawamlazimishi. Linalomsukuma zaidi ni imani kwamba "wote wanafanya". Msichana anaambiwa kila mwenzake ana mpenzi. Mvulana anasikia wenzake wakisimulia mambo ambayo huenda hawajawahi kuyafanya. Katika umri huu wengi hutia chumvi, na anayenyamaza hudhani amebaki nyuma peke yake.

Nguvu ya mzazi iko wapi?

Rafiki yupo pale jambo linapotokea: njiani kutoka tuisheni, kwenye sherehe, kwenye grupu la WhatsApp usiku. Wewe hupo. Hata ungemfunga kamba, hutakuwepo kila mahali.

Wewe unahusika kabla na baada. Kabla, unampa maarifa, maneno ya kukataa na sababu za kujithamini. Baada, wewe ndiye anayeweza kumkimbilia, kama anaamini hutamfukuza.

Mwaka 2016 watafiti waliunganisha matokeo ya tafiti 52 zilizohusu vijana zaidi ya 25,000. Waliona kwamba vijana waliozungumza na wazazi wao kuhusu ngono walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kujikinga kwa kondomu au njia nyingine za uzazi wa mpango. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa wasichana, na zaidi pale aliyezungumza nao alipokuwa mama.

Labda unaogopa kwamba ukizungumza naye utamfumbua macho kabla ya wakati. Hofu hii ni ya kawaida. Lakini mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na UNESCO yameonyesha kwamba elimu ya ujinsia iliyo sahihi haiwafanyi vijana waanze ngono mapema. Macho yake yameshafumbuliwa na simu, nyimbo na wenzake. Swali lililobaki ni kama alichokiona kitapata maelezo ya mtu mzima anayempenda.

"Jihadhari na wanaume" haitoshi

Wazazi wengi huzungumza, lakini kwa mafumbo: "Ukicheza na wavulana utaona." "Uwe makini." "Usiniletee aibu." Kijana anasikia hasira, ila hapati taarifa. Hajui awe makini na nini, wala afanye nini akikwama.

Katika shule za msingi magharibi mwa Kenya, mtafiti Pascaline Dupas alilinganisha njia mbili zilizotumika mwaka 2003 na 2004. Katika baadhi ya shule, walimu walipewa mafunzo ya kufundisha somo la UKIMWI la serikali, ambalo msisitizo wake ulikuwa kusubiri hadi ndoa. Katika shule nyingine, wanafunzi wa darasa la nane walipewa mazungumzo ya dakika 40 hivi. Walionyeshwa kwa takwimu kwamba wanaume watu wazima wana maambukizi ya virusi vya UKIMWI kwa kiwango kikubwa kuliko wavulana wa rika lao. Ule msisitizo wa kusubiri haukupunguza mimba. Mazungumzo ya dakika 40 yalipunguza mimba za wasichana kwa asilimia 28 katika mwaka uliofuata, hasa zile za wanaume waliowazidi umri.

Wasichana hawa hawakutishwa. Walipewa jambo mahususi walilokuwa hawalijui, wakalitumia wenyewe.

Kwa hiyo unapozungumza na mwanao, taja mambo kwa majina yake. Haya ni baadhi anayohitaji kuyasikia kutoka kwako:

- Mimba inaweza kutunga hata mara ya kwanza, na hata kabla msichana hajaona hedhi yake ya kwanza.
- Mwanaume mtu mzima anayempa binti chipsi, vocha, lifti ya bodaboda au simu anajua anachokitafuta. Tanzania tumezoea kumwita fataki. Kwa sheria ya Tanzania, mwanaume anayefanya ngono na msichana wa chini ya miaka 18 ambaye si mke wake ametenda kosa la kubaka, hata kama msichana alikubali.
- Kondomu ikitumiwa vizuri hupunguza sana hatari ya mimba, virusi vya UKIMWI na magonjwa mengine ya zinaa.
- Mtu anayekupenda hakutishi kwamba atasambaza picha zako, hakukagui simu yako, hakupigi na hakutengi na ndugu zako.
- Kunyamaza si kukubali, na aliyekubali jana anaweza kukataa leo. Hili mwambie binti, na mwambie mvulana pia.

Kama unaona haya kuanza, tumia mlango ulio wazi. Chanjo ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, inayotolewa Tanzania kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, ni mwanzo mzuri. Muulize: "Wenzako wanasemaje kuhusu ile chanjo?" Huenda akakuambia wanasema inaharibu kizazi. Mweleze kwamba haiharibu, inakinga virusi vinavyosababisha saratani hiyo. Kutoka hapo mmeshaanza kuzungumza kuhusu mwili, bila kikao wala vitisho.

Kupeleleza au kuambiwa?

Mzazi mwenye wasiwasi hufungua simu ya mwanawe usiku, huuliza majirani, humtuma mdogo wake amfuate. Wakati mwingine kufuatilia kunahitajika, hasa kama kuna dalili za hatari. Tena ni haki yako kujua mwanao yuko wapi, na nani, na atarudi saa ngapi. Sheria za nyumbani zinazoeleweka humlinda kijana.

Lakini je, mzazi anayejua mambo ya mwanawe huyajuaje? Mwaka 2000 watafiti Håkan Stattin na Margaret Kerr walichapisha utafiti wao kuhusu vijana wa miaka 14 nchini Sweden. Waligundua kwamba sehemu kubwa ya yale wazazi wanayoyajua hutoka kwa mtoto mwenyewe, anapoamua kusimulia. Kuuliza-uliza na kudhibiti vilichangia kidogo kuliko ilivyodhaniwa.

Kijana anaweza kuwa na laini mbili za simu na kufuta ujumbe kabla hujauona. Asichoweza kuficha ni kile alichoamua kukuambia. Kinachompa ujasiri wa kukuambia ni jinsi ulivyopokea mambo madogo aliyokuambia zamani.

Dakika ya kwanza baada ya kukuambia

Vijana hujaribu maji kabla ya kuingia. Swali la kwanza huwa linamhusu "rafiki yangu", au mtu wa kwenye tamthilia, au "dada mmoja pale shuleni". Anatazama uso wako. Ukimpokea vizuri, siku nyingine atakuja na la kwake.

Tuseme binti yako anasema: "Mama, rafiki yangu ana mpenzi."

Jibu linalofunga mlango: "Rafiki yako nani? Kuanzia leo sitaki kukuona naye! Au na wewe unaye?"

Jibu linaloacha mlango wazi: "Ehe. Na wewe ulipomsikia ulionaje?" Kisha nyamaza, umsikilize.

Kumsikiliza si kukubali. Unaweza kumwambia wazi msimamo wako, uwe wa dini, wa mila au wa familia: "Mimi ningependa usubiri, na sababu zangu ni hizi." Vijana wanataka kujua mzazi wao anaamini nini. Ila msimamo uje baada ya kusikiliza, na uambatane na ahadi hii: "Hata ukikosea, njoo kwangu kwanza. Naweza kukasirika, lakini nitakusaidia."

Kama umeshapandisha sauti, si mwisho wa mambo. Rudi baadaye umwambie: "Jana nilishtuka, sikukusikiliza vizuri. Niambie tena." Mtoto hupata heshima kwa mzazi anayerudi.

Kwa nini saa 72 ni muhimu

Kuna wakati imani kati yako na mwanao hupimwa kwa saa.

Tuseme binti amefanya ngono bila kinga, au kondomu imepasuka, au amebakwa. Dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI, ambazo watoa huduma huziita PEP, zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, na kila saa inayopita hupunguza nafasi ya kufanikiwa. Humezwa kwa siku 28. Vidonge vya dharura vya kuzuia mimba, ambavyo wengi huviita P2, hufanya kazi vizuri zaidi vikimezwa mapema. Vinaweza kutumika hadi siku tano, lakini nguvu yake hupungua kadiri muda unavyopita. Havitoi mimba iliyokwishatunga, na havikingi magonjwa.

Sasa fikiria msichana anayejua kwamba mama yake akisikia atampiga au atamfukuza. Siku ya kwanza analia peke yake. Siku ya pili anamuuliza rafiki yake, naye anamwambia anywe maji ya chumvi au majivu, mambo yasiyozuia chochote. Siku ya tatu anaanza kujiambia labda hakuna kitu. Saa 72 zimekwisha. Rafiki huyo hakuwa mbaya. Alikuwa mtoto mwenzake, naye hakuwa na mtu wa kumuuliza.

Kwa hiyo mwanao akikujia na habari ya namna hii:

1. Mwambie: "Umefanya vizuri kuniambia." Maswali mengine yatasubiri.
2. Mpeleke kituo cha afya siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.
3. Kama amebakwa, asioge wala kufua nguo alizovaa kabla ya kuonwa na daktari, ikiwezekana. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Kama ameshaoga, nendeni hivyo hivyo.
4. Toeni taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, lakini msiache saa zipotee kabla hajapata dawa. Matibabu ni ya haraka.
5. Usikubali suala la kubakwa limalizwe kifamilia kwa fidia. Aliyefanya hivyo anaweza kumrudia mwanao au mtoto mwingine.

Na kama ujauzito umeshaingia, mwanzishie kliniki mapema. Masomo hayajaisha: tangu Novemba 2021, Tanzania inawaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa ujauzito kurudi shuleni baada ya kujifungua.

Marafiki wanaweza kuwa msaada

Kumkataza kijana marafiki wote hakuwezekani, na si vizuri. Kwa rafiki ndiko anakojifunza kuaminiana, kugombana na kupatana. Rafiki anayesema "twende nyumbani, giza limeingia" ana nguvu ile ile ya watazamaji, ila anaielekeza pazuri.

Fanya nyumba yako iwe mahali ambapo marafiki zake wanaweza kuja. Chai na mihogo vinatosha. Utawajua kwa majina, utasikia lugha yao, nao watakuwa na mtu mzima wa kumuuliza. Fahamiana na mama zao. Wazazi watatu wa mtaa mmoja wakikubaliana saa ya watoto kurudi nyumbani, ile hoja ya "wenzangu wote wanaruhusiwa" inakosa nguvu.

Ukiona rafiki mmoja anakutia wasiwasi, zungumzia jambo badala ya kumtukana mtu. "Nimeona mkiwa naye mnarudi mnanuka pombe, na hilo linanitisha" humfanya afikiri. "Yule ni malaya" humfanya amtetee.

Mfundishe pia njia za kutoka, maana mbele ya wenzake maneno humkauka. Mkubaliane kwamba akikutumia neno fulani kwenye simu, mfano "dawa ya bibi", utampigia mara moja na kumwita nyumbani kwa ukali. Atawaambia wenzake, "Mama yangu mkali sana, lazima niende." Mwache akusingizie. Heshima yake imebaki, naye ameondoka salama.

Usimsahau mvulana

Mara nyingi maonyo yote huenda kwa binti, na kaka yake huachwa ajifunze vijiweni. Huko anaambiwa kwamba uanaume ni idadi ya wasichana, au kubeba pombe, au kutoogopa. Mvulana anayeogopa hana pa kusemea.

Mweleze kuhusu ndoto nyevu kabla hazijamshtua. Mwambie kwamba kukataa hakumpunguzii uanaume, na kwamba msichana akisema hapana ni hapana. Mwambie kwamba mimba ina wawili. Na umwambie kwamba hata wavulana huumizwa kingono, na ikitokea kwake si aibu yake. Anahitaji zile zile saa 72.

Kama wewe huwezi kuzungumza

Katika jamii zetu nyingi, mama hakuwa ndiye anayemfunda bintiye. Kazi hiyo ilikuwa ya somo, kungwi, shangazi au bibi. Mvulana alikuwa na wajomba na babu zake. Kulikuwa na busara ndani yake: kijana alipewa mtu mzima mmoja asiyemwonea haya. Leo familia nyingi zinaishi mbali na ndugu, na pale ambapo shangazi hayupo, rafiki na simu vimekalia kiti chake.

Kama unaona haya, mrudishie mwanao mtu huyo. Chagua shangazi, mama mdogo, mwalimu au muuguzi unayemwamini, mwambie wazi unachotaka amfundishe, kisha umwambie mwanao: "Ukiona vigumu kuniambia mimi, mwambie mama mdogo. Nimempa ruhusa." Vituo vingi vya afya pia vina huduma rafiki kwa vijana. Kwa sheria ya Tanzania, kijana aliyefikisha miaka 15 anaweza kupima virusi vya UKIMWI bila idhini ya mzazi.

Pa kuanzia wiki hii

Huna haja ya kikao kikubwa. Mazungumzo mafupi mengi yanasaidia kuliko hotuba moja. Mkichambua mboga, mkitembea kwenda sokoni au mkiwa kwenye daladala, macho hayatazamani na maneno hutoka kwa urahisi.

Muulize swali moja kuhusu wenzake, na usilijibu wewe. Mwambie jambo moja mahususi kutoka kwenye ukurasa huu. Kisha mwambie, kwa maneno yako mwenyewe, kwamba akipata shida yoyote, saa yoyote, aje kwako kabla ya kwenda kwa mwingine.

Ukihitaji msaada kuhusu usalama wa mtoto, piga simu namba 116. Ni huduma ya simu kwa mtoto, ni bure, na anaweza kuipiga yeye mwenyewe. Mwandikie namba hiyo kwenye daftari lake.